Sidii, Dividii au Diski Ngumu: Tuyaweke Wapi Mafaili Yetu?

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya watunza kumbukumbu wa skuli, vyuo, vikundi vya taarab na studio za video

Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Masheha, walimu wa skuli na wa vyuo, viongozi wa vikundi vya taarab, wenye studio za picha na video, ndugu zangu nyote, Assalaamu alaykum.

Nimeombwa kujibu swali moja ambalo waandaaji wamelikusanya kutoka kwenu: mafaili yenu, yaani picha, sauti, video na nyaraka zilizopigwa skani, myaweke katika sidii na dividii, au myaweke katika diski ngumu, hizi ambazo madukani tumezoea kuziita eksteno? Jibu nalitoa mapema, ili aliye na safari ya Wete au Mkoani asilazimike kunisubiri. Kazi yenu yote iwekeni katika diski ngumu mbili zenye yaliyomo yaleyale, zikae katika majumba mawili yaliyo mbali, na kile kidogo ambacho hakitabadilika tena kichomeni pia katika diski ya leza iliyo bora, yaani ya jamii ya sidii, dividii na Blu-ray. Muda uliobaki nitautumia kueleza sababu zangu, kwa kuwa asiyezijua sababu atarudia dividii za rejareja siku atakapoona bei ya eksteno ya pili.

Naanza na hesabu, kwa sababu wengi wanaouliza swali hili hawajaifanya. Sidii moja huchukua megabaiti 700. Dividii ya kawaida yenye tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na yenye matabaka mawili huchukua gigabaiti 8.5. Blu-ray ya kawaida huchukua gigabaiti 25. Sasa chukueni eksteno ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, ambayo inaingia katika mfuko wa kanzu, mkaijaza. Kuyahamishia yaliyomo humo kwenye dividii za kawaida kunahitaji dividii 213, na kwenye Blu-ray kunahitaji 40. Kuichoma dividii moja na kisha kuihakiki bila pupa huchukua kiasi cha dakika 10, kwa hiyo dividii hizo zote ni zaidi ya saa 35 za mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, anatoa moja na kutia nyingine, huku akiomba umeme usikatike. Eksteno ya pili inayoandika megabaiti 110 kwa sekunde, jambo la kawaida kwa waya wa USB 3, huipokea terabaiti hiyohiyo kwa kiasi cha saa mbili na nusu, na mwenyewe anaweza kuiacha akaenda kusali na kula.

Wenye studio wanalijua hili mikononi mwao. Kamera inayorikodi kwa megabiti 50 kwa sekunde (biti nane hufanya baiti moja) hutoa gigabaiti 22.5 kwa kila saa, na kamera mbili katika harusi ya saa tatu hutoa gigabaiti 135. Hiyo ni harusi moja, na inahitaji dividii 29. Sijamwona mtu anayechoma dividii 29 kwa kila harusi katika msimu ambao ana harusi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ninachokiona ni kwamba huchomwa ile moja iliyohaririwa ya kumpa bibi harusi, na mafaili ya asili hufutwa kwenye kadi ili kadi itumike tena wiki ijayo. Basi hapa sidii na dividii zimeshindwa kabla hata hatujazungumzia umri wake, kwa kuwa chombo cha kuhifadhia kinachomchosha mtunzaji huishia kutotumika.

Lakini si kila mtu hapa ana gigabaiti 135. Katibu wa skuli mwenye daftari la wanafunzi lililopigwa skani na matokeo ya miaka kumi, mwalimu wa chuo, yaani madrasa, mwenye sauti za wanafunzi wake wakisoma, sheha mwenye kumbukumbu za vikao vya shehia, hawa wote kazi zao huenda zikaingia katika dividii moja au mbili. Kwao swali bado liko wazi, na hao ndio ninaotaka wanisikilize zaidi katika sehemu inayofuata.

Sidii ya kiwandani, ile tunayoinunua ikiwa na nyimbo zake ndani, na sidii tunayoichoma wenyewe zinafanana kwa sura tu. Ya kiwandani ina vishimo vidogo mno vilivyogongwa kwenye plastiki kwa muhuri. Tunayoichoma wenyewe haina vishimo; ina tabaka la rangi ya kikemikali, na leza huiunguza rangi hiyo pale panapotakiwa alama na kuiacha ilivyo pale pasipotakiwa. Tatizo ni kwamba rangi hiyo haijui kwamba kazi ya kuchoma imekwisha. Mwanga wa jua, joto na unyevu huendelea kuibadilisha polepole, mpaka siku moja leza ya kusomea ikashindwa kutofautisha palipounguzwa na pasipounguzwa. Nyuma ya rangi kuna utando mwembamba wa madini, mara nyingi ya fedha, unaorudisha mwanga, na fedha ikipata hewa yenye salfa huwa nyeusi kama mnavyoona kwenye mapambo ya akina mama yaliyokaa sandukuni.

Jambo ambalo hushangaza wengi ni upande upi wa sidii ni dhaifu. Tunauogopea upande wa chini unaong'aa, tunaupangusa na kuupepea, kisha tunaiweka sidii kifudifudi mezani ili upande huo usiguswe na kitu. Kumbe katika sidii upande wa hatari ni ule wa juu, wenye jina na picha, kwa sababu chini ya chapa hiyo hakuna ila varnishi nyembamba na kisha utando wa fedha wenyewe. Mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kusuguliwa ukaondoka. Mkwaruzo wa juu umeondoka na maneno. Kalamu yenye ncha ngumu, au karatasi ya gundi inayobandikwa kisha ikabanduliwa, huweza kuiharibu sidii nzima. Dividii ina afadhali hapo, kwa kuwa tabaka lake la alama limebanwa katikati ya plastiki mbili zenye unene wa milimita 0.6 kila moja, lakini nayo ina ugonjwa wake: gundi inayoziunganisha plastiki hizo huachia kwenye ukingo, na unyevu ukapata njia ya kuingia.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka 2003 kwa ajili ya maktaba na watunza nyaraka, ukashauri kwamba diski hizi ziwekwe zikiwa zimesimama, gizani, katika joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Nauliza kwa heshima: nani kati yetu, kutoka Konde mpaka Mkoani, ana chumba cha nyuzi 20 mwaka mzima? Wakati wa masika hapa kwetu chumvi huwa maji kwenye kikopo chake. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari ya sidii iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu huko Amerika ya Kati, ambayo kuvu ilikuwa imeingia ndani kuanzia ukingoni na kula utando wake wa alumini. Sisemi kwamba kuvu hiyo iko Pemba. Nasema tu kwamba Belize na sisi tuna hewa inayofanana zaidi kuliko sisi na maabara ambako umri wa diski hizi unapimwa, na kila mtengenezaji anapoandika kwenye boksi kwamba diski yake itaishi miaka mia, ameihesabu kwa hali ya chumba ambacho si chetu.

Kuna sifa nyingine ya diski za leza ambayo ni nzuri katika matumizi na mbaya katika utunzaji. Kila sidii hubeba, pamoja na mafaili yetu, maelezo ya ziada ya kihesabu yanayoiwezesha mashine kuyajaza mapengo: kipande kikifutika, mashine hukikokotoa kutoka kwenye vipande vya jirani bila kukuambia kitu. Ndiyo maana sidii yenye mikwaruzo bado huimba. Lakini maana yake pia ni kwamba uharibifu unaweza kuendelea kwa miaka huku wewe unaifungua, inafunguka, na unaamini ni nzima, mpaka makosa yapite kiwango ambacho hesabu hizo zinaweza kukifidia. Siku hiyo haifunguki, na haikutoa onyo lolote. Zipo programu za kuhesabu makosa hayo kabla hayajafikia ukomo, lakini si kila mashine ya kusomea inakubali kuyatoa, na ukweli ni kwamba mwenye dividii 200 hatazipima zote.

Sasa niseme lililo jema kuhusu diski hizi, maana sikuja kuzitukana. Diski iliyochomwa mara moja haiandikiki tena. Haifutiki kwa bahati mbaya, na mtoto akiichezea kwenye kompyuta hawezi kuyaburuta mafaili yako akayatia kwenye pipa. Na kirusi hakiwezi kuigusa. Zipo programu za utekaji, zinazoingia kwenye kompyuta, zikayafunga kwa ufunguo wa siri mafaili yote zinayoyakuta, kisha zikaonyesha tangazo la kudai fedha. Programu hizo huyafunga pia yaliyomo katika kila eksteno iliyochomekwa saa hiyo. Katika maofisi ambako fleshi moja huzunguka kompyuta zote kuanzia ya katibu mpaka ya mhasibu, hatari hii si hadithi. Dividii iliyomo kabatini haiguswi na lolote kati ya hayo. Ndiyo sababu sikusema mziache kabisa: rejista ya skuli iliyokwisha kufungwa, hati ya waqfu, orodha ya wanachama waanzilishi, rikodi ya mzee ambaye hatarikodiwa tena, hizi ni vitu ambavyo havitahaririwa kesho, ni vidogo, na vinastahili kuwa na nakala moja isiyoandikika.

Kwa nakala hiyo, msinunue dividii zinazouzwa kwa mnara bila jina. Ziko diski ziitwazo M-DISC, ambazo badala ya rangi ya kikemikali zina tabaka gumu lisilo la asili ya viumbe hai, na leza hulitoboa hasa. Watengenezaji wake wanadai zitaishi miaka 1,000. Hilo ni dai lao, na hakuna kati yetu atakayekuwepo kulihakikisha, lakini kanuni ya utengenezaji wake ni bora kuliko ya dividii ya kawaida. Hata Blu-ray ya kuchoma ya kawaida, ilimradi haina alama ya LTH kwenye boksi, haitumii rangi hiyo dhaifu, kwa hiyo kama mna mashine ya kuchomea Blu-ray hamna haja ya kurudi kwenye dividii. Zile za kufuta na kuandika upya, zenye herufi RW, msizitumie kwa kuhifadhi hata siku moja.

Na hapa nafika kwenye lile ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua suala zima, kuliko hata unyevu. Diski ya leza inaweza kuwa nzima kabisa na isisomeke, kwa sababu hakuna cha kuisomea. Tazameni kompyuta za mkononi zinazouzwa sasa Darajani au hapa Chake: karibu zote hazina kidroo cha kutia diski. Televisheni mpya hazina, gari mpya hazina. Mwezi wa Februari 2025 Sony, kampuni iliyoshiriki kuizaa sidii mwaka 1982 na iliyoongoza kazi ya kuizaa Blu-ray, ilisimamisha utengenezaji wa Blu-ray za kuchoma. Wapo wengine wanaoendelea kutengeneza, lakini upepo unaelekea upande mmoja. Anayechagua leo kuiweka kazi yake yote katika dividii anajichagulia pia jukumu la kutunza mashine ya kusomea, ambayo leza yake huchoka na mikanda yake hulegea, na hilo halimo katika bei aliyolipa dukani.

Nahamia kwenye diski ngumu, na msidhani nitaisifu tu.

Ni teknolojia ya zamani kuliko sidii kwa miaka 26: ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ukubwa wa kabati, na ilichukua kiasi cha megabaiti 5, yaani nyimbo moja au mbili za leo. Ndani ya eksteno yenu mna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea bila kuzigusa, kwa umbali wa nanomita chache, ambao ni mdogo kuliko unene wa chembe ya moshi. Mkilielewa hilo mtaelewa kwa nini eksteno ikianguka kutoka mezani ikiwa inazunguka huwa imekufa, na ikianguka ikiwa imezimwa mara nyingi husalimika, maana kichwa huwa kimeegeshwa pembeni. Katika mafundisho yangu yote ya leo, kama kuna moja la kubandikwa ukutani ni hili: eksteno inayowaka taa haihamishwi, haiinuliwi, haipakatwi.

Diski ngumu nayo hufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu mafaili katika diski kwa maelfu mengi, imekuwa ikichapisha takwimu zake kwa miaka mingi, na katika miaka ya karibuni hupoteza kiasi cha diski moja hadi mbili katika kila mia kwa mwaka. Hizo ni diski zinazolindwa kwa kiyoyozi na umeme tulivu, wala hazibebwi mkobani ndani ya daladala. Zetu haziwezi kutarajiwa kufanya vizuri kuliko hapo. Lakini tofauti na sidii, diski ngumu mara nyingi huugua hadharani: hutoa mlio wa kugonga, huchelewa kufunguka, hukwama kwenye faili moja, na ndani yake ina daftari la afya linaloandika kila sehemu iliyoharibika. Utafiti wa Google uliotolewa mwaka 2007, juu ya diski zaidi ya 100,000, uliona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la ukaguzi, yaani sehemu isiyosomeka inapojikagua yenyewe, huwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyokuwa na kosa hilo. Dalili moja basi inatosha kuinakili na kuiondoa kazini. Nasema hivyo nikijua kwamba diski nyingine katika utafiti huohuo zilikufa bila dalili yoyote, na kwa hiyo hakuna programu ya ukaguzi inayoweza kuchukua nafasi ya eksteno ya pili.

Umeme ni mlango wa pili wa mauti. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanaikumbuka ile miezi mitatu ya kiza na majenereta, na sisi wa Pemba tulikuwa tukiishi kwa majenereta mpaka ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Diski ngumu iliyozimwa haihitaji umeme ili kukumbuka. Sumaku yake inabaki. Kinachoiua ni umeme kukatika katikati ya kuandika na kurudi kwa kishindo. Kama hamna betri ya akiba ya kompyuta, nakilini kwa kutumia kompyuta ya mkononi iliyojaa chaji, maana betri yake inatosha kuimalizia eksteno kazi yake. Na angalieni eksteno zenu zimepangwa kwa mfumo upi: nyingi huja na mfumo wa exFAT, ambao husomeka na kompyuta za aina zote lakini hauna daftari la kurekebisha mambo pindi uandishi unapokatizwa njiani; kwa anayetumia Windows peke yake, NTFS ni salama zaidi.

Unyevu nao haujaisamehe. Diski ngumu nyingi zina kitundu cha kupumulia chenye chujio, kwa hiyo hewa yetu ya bahari inaingia, na chumvi hula zile nukta za shaba zinazounganisha ubao wa umeme na mwili wa diski. Eksteno isiyotumika ikae katika boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya punje za kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na ambavyo sote huvitupa. Ikitoka katika chumba cha kiyoyozi, iacheni ipate joto la nje kwanza kabla ya kuichomeka, ili ule umande uliofanyika juu yake ukauke. Na angalau mara mbili kwa mwaka itolewe, iwashwe na isomwe, kwa kuwa diski isiyozungushwa kwa miaka mafuta ya mhimili wake huweza kukaukia humo.

Hapa mtaniuliza juu ya fleshi, na zile eksteno nyembamba zisizozunguka, ziitwazo SSD. Ni nzuri kwa kubebea, kwa kuwa hazina cha kuvunjika zikianguka. Kwa kulazia kabatini sizishauri. Zinakumbuka kwa chaji ya umeme iliyofungiwa ndani ya vijichumba vidogo, na chaji huvuja, na huvuja haraka zaidi penye joto. Kiwango ambacho viwanda vimejiwekea kwa SSD za matumizi ya nyumbani zilizokwisha kuchakaa kwa kuandikwa ni kuhifadhi mwaka mmoja tu bila umeme katika nyuzi 30. Nyuzi 30 ni chumba cha kawaida hapa petu.

Kuhusu kuhifadhi kwenye intaneti, sina mengi. Kwa nyaraka za skuli inafaa sana. Kwa video za harusi, bando litakwisha kabla ya bwana harusi hajaingia ukumbini. Na akaunti inayolipiwa kila mwezi kwa kadi ya mtu mmoja hufungwa mtu huyo akihama kazi.

Nirudi kwenye zile diski mbili katika majumba mawili, kwa sababu watu hupenda kulitimiza nusu. Wananunua mbili, kisha wanaziweka katika mtoto wa meza mmoja, moja juu ya nyingine. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ya Mji Mkongwe, Unguja, ilianguka mchana, jengo lililosimama tangu karne ya 19 na tulilodhani litatuzika sote. Paa huvuja, nyumba huungua, mwizi akiingia huchukua vyote viwili. Moja ikae ofisini Chake, ya pili ikae Wete kwa mjumbe mwingine wa kamati, au Unguja kwa ndugu mnayemwamini. Isafiri mkobani mwa mtu, isipelekwe bandarini pamoja na mizigo. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo, na sahani zile za gramafoni zilikuwa zikianguka zinavunjika vipande. Nionavyo mimi, zilizobaki zimebaki kwa kuwa zilitawanyika katika majumba mengi ya pwani, na kilichovunjika nyumba moja kilikuwepo kizima nyumba nyingine.

Katika kununua, nina tahadhari mbili tu. Ya kwanza, ziwe za watengenezaji wawili tofauti, au angalau zisitoke katika boksi moja, kwa kuwa diski zilizotengenezwa siku moja zenye kasoro moja hufa karibukaribu. Ya pili, jihadharini na eksteno na fleshi za bei ya kuchekesha zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 au hata 16. Humo ndani huwa mna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: hupokea mafaili yote bila kulalamika, na baada ya kujaa huandika mapya juu ya ya zamani. Kabla ya kuiamini eksteno mpya, ijazeni yote kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huandika kisha ikasoma tena ilichoandika. Huchukua saa nyingi. Muuzaji mwaminifu hatakataa muirudishe ikishindwa.

La mwisho ni zile sidii na dividii mlizonazo tayari, ambazo najua ni nyingi, baadhi zikiwa kwenye maboksi ya juu ya kabati tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hamisheni sasa, wakati bado kuna mashine za kuzisomea za kuazima. Msianze na zile zilizo nzuri. Anzeni na za kuchoma zilizo kongwe, zisizo na jina la kiwanda na zilizokaa karibu na dirisha, kisha zile ambazo mnajua hakuna mwingine mwenye nakala yake. Ipanguseni kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, si kwa kuzungusha. Ikikataa kwenye mashine moja, ijaribuni kwenye nyingine, na ya tatu, maana leza hutofautiana kwa nguvu na nimeona diski iliyokataliwa na kompyuta mbili ikasomwa na kompyuta kuukuu ya mezani. Mkifungua nakala kwenye diski ngumu, isikilizeni mpaka mwisho badala ya kuangalia jina la faili tu, kisha andikeni katika daftari la karatasi: ni nini, ya mwaka gani, nani anaimba au anazungumza, na imo katika eksteno ipi. Diski ya asili msiitupe mpaka nakala ya pili iwe imefika Wete.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeleta mashine mbili za kusomea, na ziko kwenye meza ile ya nyuma. Waliokuja na diski zao tunaweza kuanza nazo mara baada ya sala ya Adhuhuri. Ahsanteni.